Manda, Mama Mkwe na Mimi

*Mhariri wetu alivuka bahari kwenda Unguja kujifunza kitu alichokikimbia kwa miaka sita. Alirudi na unga kwenye nywele na siri moja pungufu.*

Mpenzi msomaji, kila mtu ana kitu kimoja anachokiogopa jikoni, hata kama hasemi. Kuna dada mmoja hapa ofisini anapika pilau ya watu mia bila kutoka jasho, lakini ukimpa samaki mzima ampare anatafuta udhuru. Yupo na kaka mmoja ambaye mpaka leo hawashi jiko la gesi, anasubiri mkewe arudi kazini. Mimi nilikuwa naogopa unga wa ngano ukishakutana na maji. Na ndani ya woga huo kulikuwa na mfalme wake, naye anaitwa manda.

Kama wewe ni mtu wa pwani huhitaji kuelezwa. Kwa wenzangu wa bara, manda ni ile ngozi nyembamba inayokunjwa pembetatu na kujazwa nyama ikawa sambusa. Ukiila unaona kitu chepesi, kinavunjika mdomoni, basi. Huwazi kwamba kuna mtu alisimama na kibao akaisukuma mpaka ikawa nyembamba kama karatasi, akaipitisha motoni bila kuiunguza, akaibandua moja moja kwa kucha. Mimi nimezaliwa Tabora. Kwetu sambusa ilikuwa kitu cha kununua mgahawani, siyo cha kutengeneza. Halafu nikaolewa Unguja.

Lile godoro

Ramadhani yetu ya kwanza katika ndoa tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kinondoni. Mume wangu akaalika ndugu zake waliopo Dar waje kufuturu, na mimi, bibi harusi mwenye digrii yangu ya mawasiliano, nikajiambia kuwa jambo lililoandikwa kwenye kitabu cha mapishi halinishindi. Nikakanda unga. Nikapanga duara kumi moja juu ya nyingine, mafuta nikayaweka kwa ubahili, nikasukuma kwa nguvu zote, nikaweka kwenye chuma cha chapati kilichokuwa kinafuka moshi.

Zile duara kumi zikawa kitu kimoja. Nilijaribu kuzitenganisha kwa kisu, jamani, kwa kisu! Adhana imekaribia, wageni wameshakaa mkekani, nikakunja hivyo hivyo na kukaanga. Zilikunywa mafuta mpaka zikaanza kulia zenyewe kwenye sahani. Wifi yangu mmoja akanyanyua moja, akaigeuza huku na huku, akauliza, "Hii sambusa au godoro?"

Watu wakacheka. Utani wa mawifi ni jambo la kawaida, ningeumeza. Tatizo ni kwamba mume wangu naye alicheka, tena yeye ndiye aliyemaliza wa mwisho.

Tangu siku ile nikawa mteja wa manda za paketi. Nikimaliza kukunja, paketi naifunga kwenye gazeti na kuisukumia chini kabisa ya ndoo ya taka. Mwaka uliofuata mama mkwe akanipigia simu kututakia mfungo mwema, katika mazungumzo akauliza, "Na manda, mwanangu, unasukuma mwenyewe?" Nikajibu, "Ndiyo, Mama." Neno dogo tu. Lakini neno hilo likataka kujibiwa tena mwaka uliofuata, na uliofuata, mpaka ikafika miaka sita.

Simu ya Shaaban

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya Ramadhani, simu ikaja mapema. "Mwanangu," akasema, "mkono wangu wa kulia umekuwa mzito, kusukuma siwezi tena. Na unajua kila mwaka nasukuma manda za nyumba hii na za dada zangu. Njoo unisaidie siku mbili tatu. Wewe si mkono wako mwepesi?"

Nikasema nitakuja. Kisha nikakaa ndani ya gari, kwenye maegesho ya ofisi, dakika kumi nzima bila kuwasha injini.

Nyumbani nilimweleza mume wangu kila kitu. Za paketi alizijua, ila hakujua nilichomwambia mama yake. Akakuna kichwa, akatoa jibu ambalo waume wengi wangetoa: "Mwambie tu uko bize na kazi." Nilikaribia kukubali, sitaki kukudanganya na wewe. Lakini nilimfikiria yule mama wa watu na mkono wake, na vikapu vya ndugu zake vinavyosubiri. Jioni ya Ijumaa tukakutana bandarini Dar es Salaam, mimi, mume wangu na begi moja.

Kuvuka

Boti inachukua kama saa mbili hivi. Wengine walilala, wengine walitapika, mimi nilifanya mazoezi ya kuungama. "Mama, kuna jambo." Hapana. "Mama, ile manda..." Hapana.

Mji Mkongwe ukianza kuonekana, abiria wote hugeuka upande mmoja. Ndio mji uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, na ukiuona kutoka baharini jua likizama unaelewa sababu. Safari hii macho yangu yalikwenda Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Picha zetu za harusi tulipigia mbele ya jumba hilo likiwa zima. Mume wangu akaangalia, akanishika mkono, hakusema kitu.

Mama mkwe hakai Mji Mkongwe. Anakaa Ng'ambo, katika yale majumba marefu ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati wa Mzee Karume, kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Jina Ng'ambo lenyewe ni historia: zamani palikuwa na mkono wa bahari unaoutenga mji wa mawe na makazi ya upande wa pili, ukavuka kwa daraja, na ndiyo maana soko linaitwa Darajani. Maji yalishafukiwa siku nyingi, ila jina limebaki. Watalii wengi hawavuki huku. Mimi napenda huku zaidi: nguo zimeanikwa kwenye vibaraza vya ghorofa, watoto wanacheza mpira chini, na ikifika magharibi kila dirisha linatoa harufu yake ya nazi.

"Mumefika salama?" Mama akauliza mlangoni, nikampigia shikamoo, akanikumbatia kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Tukala wali na mchuzi wa papa. Usiku ule sikusema.

Darajani

Jumamosi asubuhi tukaenda sokoni, mimi na yeye tu. Jengo la soko la Darajani ni la mwaka 1904, na ukiingia upande wa nyama na samaki kila hisia inapata kazi yake. Mama anatembea taratibu lakini anajua njia zake: nyama kwa huyu, kwa sababu anaitoa mafuta yote kabla ya kuisaga, kotmiri kwa bibi yule wa pembeni, ndimu anazibinya moja moja, akirudisha zenye ngozi nene. Unga wa ngano kilo moja, weupe, siyo ule uliochanganywa na hamira.

Kwenye duka la unga, juu ya kaunta, palikuwa na manda za paketi. Zilezile. Muuzaji akasema kwa upole, "Bi Mkubwa, kwa nini ujichoshe? Chukua hizi." Mama akacheka. "Hizo wauzie wavivu. Mimi nimekuja na mkwe wangu."

Mpenzi msomaji, kuna wakati mdomo unafunguka wenyewe. Nikasikia sauti yangu inasema, "Mama, hizo ndizo ninazotumia mimi. Miaka yote. Sijui kusukuma manda."

Muuzaji akajifanya anapanga chumvi. Mama akanitazama, kisha akalipia unga, akahesabu chenji mara mbili, akaanza kutembea. Kutoka Darajani mpaka Michenzani ni mwendo wa kama dakika kumi kwa mguu. Siku ile ulikuwa mrefu kuliko safari ya boti. Njia nzima alisema neno moja, "Vespa," akanivuta pembeni ili nisigongwe.

Tulipofika jikoni akaweka kikapu chini, akakaa kwenye kigoda chake.

"Kutojua si aibu," akasema. "Mimi pia nilifunzwa, sikuzaliwa na kibao. Lakini kunidanganya mimi miaka sita, hilo limeniuma. Tena si mimi peke yangu. Nimekusifia kwa majirani. Nimekusifia kwa dada zangu wote, nikawaambia mkwe wangu wa bara anasukuma manda." Akanyamaza kidogo. "Sasa utasukuma leo, ili na mimi nisiwe muongo."

Nikaomba radhi. Akasema, "Haya, nawa mikono."

Jikoni Michenzani

Jiko lenyewe ni dogo, watu watatu wakiingia wa nne anabaki mlangoni. Mwalimu alikuwa kwenye kigoda, mwanafunzi amesimama. Msaidizi wa mwalimu alikuwa mtoto wa wifi yangu, binti wa miaka kumi na moja, ambaye kwa adabu zote aliniita mkaza mjomba huku akinirekebisha kila dakika.

Somo la kwanza lilikuwa maji. Kosa langu la zamani, kumbe, lilianzia hapa: nilikuwa namwaga maji yote kwa pamoja, unga unakuwa uji, naongeza unga, unakuwa jiwe. Mama alinitia maji kidogo kidogo kwa kikombe, mimi nakanda, mpaka donge likawa laini kama ndewe ya sikio. Hicho ndicho kipimo chake. "Shika sikio lako. Sasa shika donge. Yanafanana? Basi acha."

Na kweli tukaacha. Donge likafunikwa kwa kitambaa kibichi likapumzishwa nusu saa. Hii nusu saa mimi sikuwahi kuitoa. Unga wa ngano ukikandwa na maji hutengeneza nyuzi za protini, gluteni, zinazovutika kama mpira. Ukisukuma papo hapo donge linarudi nyuma, na kadiri unavyotumia nguvu ndivyo linavyogoma. Ukiliacha, nyuzi zinalegea. Mama haijui gluteni wala haihitaji. Yeye alisema, "Limechoka. Hata wewe ukichoka ukisukumwa utanuna."

Wakati donge limelala tukakaanga nyama kwa tangawizi, thomu, pilipili na ndimu mpaka ikakauka kabisa, maana nyama yenye maji hutoboa manda. Vitunguu na kotmiri vikatiwa mwisho, jiko limeshazimwa. Na stori zikaanza. Nikamweleza Mama kwamba sambusa ni msafiri wa siku nyingi: Waajemi waliiita sanbosag, Waarabu sambusak, Wahindi samosa, na sisi pwani tumebaki na sambusa. Hata Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye aliandika kuwa aliikuta kwenye karamu za Sultani wa Delhi. Mama akasikiliza kwa makini, halafu akauliza, "Na huyo naye alinunua za paketi?"

Nikajua nimeanza kusamehewa.

Kilo moja ilitoa madonge 32. Unasukuma kila moja liwe duara la ukubwa wa kisosi. Duara ya kwanza unaipaka mafuta uso mzima mpaka ukingoni, unanyunyiza unga, unalaza ya pili juu yake, unapaka, unanyunyiza, mpaka ziwe nne. Ya juu kabisa huipaki kitu. Halafu unasukuma zote nne kwa pamoja. Yale mafuta na ule unga ndio ukuta kati ya manda na manda. Mimi siku ile ya godoro niliogopa mafuta, na niliweka duara kumi kwa tamaa ya kumaliza haraka.

"Taratibu!" Mama akasema. "Unasukuma kama unafukuza mwizi. Anzia katikati, toka nje, geuza. Katikati, nje, geuza."

Fungu langu la kwanza likatoka na umbo la ramani ya nchi nisiyoijua. Tukaliweka kwenye chuma, moto wa chini. Ndani ya donge mna maji. Yakipata joto yanakuwa mvuke, na mvuke ndio unaonyanyua tabaka na kuziachanisha. Unasubiri uso ubadilike rangi kidogo uwe kama umekauka, unageuza kabla haijapata madoa, basi, unatoa. Moto ukizidi manda zinakuwa ngumu na zitavunjika ukizikunja.

Mkono ulinitetemeka, sitaki kuficha. Nilikata ile duara vipande vinne, nikashika pembe moja na kuvuta kama nilivyoelekezwa, ikiwa bado ya moto. Ikachanika. Nikavuta nyingine, ikachanika. Ya tatu ikaanza kuachana, taratibu, kwa sauti ndogo kama mtu anayefungua bahasha kwa siri, ikatoka nzima. Nikainyanyua kwenye dirisha. Niliona mwanga wa nje kupitia kwayo, na kivuli cha vidole vyangu.

"Ma-sha-Allah," akasema yule binti. Mama hakusema kitu, alinyoosha mkono wake wa kushoto tu, akaipokea na kuiweka chini ya kitambaa kibichi.

Mpaka alasiri tulikuwa na mafungu manane, vipande 128. Vizima vilikuwa 97. Vilivyochanika tukavikaanga vikavu, tukanyunyiza sukari, watoto wa ghorofa ya chini wakavimaliza kabla havijapoa.

Forodhani usiku

Usiku mimi na mume wangu tukatembea mpaka Forodhani, bustani ya pwani iliyofanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Giza likiingia wapishi wanapanga meza zao: mishikaki, pweza, juisi ya miwa, urojo. Nilisimama muda mrefu mbele ya kijana anayetengeneza ile inayoitwa pizza ya Zanzibar. Alichukua donge, akalivuta kwa vidole mpaka likawa jembamba kupita manda zangu, akalijaza nyama na yai, akakunja na kulitupa kwenye chuma. Zamani nisingemwangalia hata mara moja. Sasa nilikuwa nahesabu mikunjo yake.

Tukakaa ukutani tukiangalia vijana wanaruka baharini. Nikaona kama niliweza kusema Darajani, naweza kusema na hapa.

"Unakumbuka siku ya godoro?"

"Godoro gani?"

Hakukumbuka. Nikamsimulia, mpaka kicheko chake. Akaniambia kwa dhati kwamba hakumbuki kucheka. Mpenzi msomaji, hapo nilipata hasira kidogo, na kisha huzuni kidogo. Miaka sita nimebeba kitu ambacho mwenzangu hakuwahi kujua kama kipo. Nikamwambia ningependa siku ile angenyamaza tu, au angeila. Asingeisifia, angeila tu.

Alikaa kimya mpaka muuza kahawa akatupita mara mbili. Kisha akasema, "Samahani. Nilikuwa naona haya mbele ya ndugu zangu, na kucheka ndiyo njia niliyoijua." Sikuhitaji zaidi ya hapo. Tukanunua pizza moja tukagawana.

Washauri wa ndoa husema mzungumze mambo makubwa: fedha, watoto, wakwe. Sikatai. Lakini chunguzeni na vitu vidogo mnavyovikwepa ndani ya nyumba, kile chombo kisichotumika, chakula kisichopikwa tena, rafiki asiyealikwa. Mara nyingi nyuma yake kuna jambo ambalo mmoja wenu hakulisema, na mwingine hakuliona.

Jumapili

Asubuhi nilipoamka nikasikia sauti ya mti wa kusukumia kwenye kibao. Nikadhani ni Mama amekaidi mkono wake. Nikakuta ni mume wangu, ametoa shati, unga mpaka kwenye nyusi, na mama yake kwenye kigoda anamwambia, "Wewe ndio unachapa kabisa! Mkeo afadhali." Sikumwita hata mmoja. Nilirudi chumbani nikacheka peke yangu kwenye mto.

Mchana wifi akaja, yule yule wa godoro. Mama alikuwa ameshakaanga sambusa kumi na mbili kwenye mafuta ya moto wa wastani, zimetoka rangi ya dhahabu. Wifi akachukua moja, akaigeuza huku na huku kama miaka sita iliyopita. Moyo wangu ukasimama. Akala. Akachukua ya pili.

"Nani kakunja hizi? Hii kona inavuja."

"Mimi," nikasema.

"Utajua tu," akasema, akachukua ya tatu.

Tulirudi Dar na boti ya jioni. Siku ya pili ya Ramadhani nilisimama jikoni kwangu, peke yangu safari hii, bila binti wa kunirekebisha. Nilipotoa fungu la kwanza kwenye chuma, simu ikaita.

"Zimeachana ngapi?" Mama akauliza, hata salamu hakutoa.

"Zote nne, Mama."

"Muongo wewe."

Nikazipanga juu ya kitambaa, moja pembeni ya nyingine, nikampigia picha.

UKITAKA KUJARIBU NYUMBANI

*Mahitaji (manda 64):* unga wa ngano mweupe nusu kilo, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula ndani ya donge na mengine ya kupaka, maji kikombe kimoja na robo, ukiongeza kidogo kidogo. Unga hautofautiani kwa jina tu, kwa hiyo huenda maji yasiishe au yakapungua.

*Namna ya kutengeneza:* Kanda mpaka donge lilainike, lifunike, lipumzike nusu saa. Gawa madonge 16. Sukuma kila moja liwe kama kisosi. Panga manne manne, ukipaka mafuta na kunyunyiza unga kati yake. Sukuma kila fungu liwe duara la upana wa sentimita 25 hivi. Kausha kwenye chuma, moto wa chini, pande zote mbili, bila madoa. Kata vipande vinne, bandua zikiwa bado moto, funika kwa kitambaa kibichi.

*Kukunja:* Koroga unga na maji kidogo uwe mzito kama gundi. Kunja manda kama koni ya karanga, jaza nyama iliyopoa, paka gundi na kufunga. Hakikisha kona hazina tundu, wifi anaangalia.

*Kuhifadhi:* Zifunge vizuri kwenye mfuko, weka kwenye friza. Zitoe ziyeyuke zenyewe kabla ya kukunja.

*Kwa wawili:* Mmoja asukume, mwingine asimamie chuma. Kisha badilishaneni. Na ikichanika, mtu asicheke mpaka aliyeichana aanze mwenyewe.

UKITAKA KWENDA

Boti za kasi kutoka Dar zinaondoka kila siku. Beba kitambulisho chako na nunua tiketi mapema hasa karibu na sikukuu. Ukienda Ramadhani, kumbuka migahawa mingi hufungwa mchana na si adabu kula au kunywa barabarani; ila jioni ya futari utaula mji wote. Darajani nenda asubuhi, samaki na nyama bado vibichi. Forodhani nenda baada ya magharibi, na uliza bei kabla hujaagiza. Na ukipata mwenyeji wa kukukaribisha jikoni kwake, Ng'ambo au kokote, ghairi hoteli siku moja, nenda. Usisahau kubeba kilo ya unga mkononi.